Betri ya pili ya mjomba, na waya nilioukosea

Mmezoea kunikuta hapa nikihangaika na hifadhidata na seva. Leo naomba mniwie radhi, nitaandika juu ya waya wa gari. Lakini mkivumilia hadi mwisho mtaona sijatoka mbali sana na kazi yangu.

Mjomba wangu ana Toyota Hiace ya zamani iliyostaafu umatatu. Aling'oa viti vya nyuma, akapakia spika nne, amplifaya na maikrofoni, na sasa analikodisha gari kwa mikutano ya injili, matanga na matangazo ya biashara. Shida yake ilikuwa moja. Mhubiri akipamba moto kwa saa mbili huku injini imezimwa, gari haliwaki tena, na waumini wanaombwa wasukume. Akaniambia, "Wewe si ndiye wa kompyuta? Niwekee betri ya pili."

Nikaiweka. Betri nyuma karibu na amplifaya, waya wa milimita 6 za mraba kutoka betri ya mbele, rilei ya kuziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa, na fyuzi moja pale mbele. Kwenye karatasi mchoro ulikuwa safi. Wiki ya tatu tulikuwa tumeegesha Soko la Burma, kando ya Jogoo Road, mjomba akinunua nyama, injini imezimwa. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikakimbilia betri ya mbele nikachomoa waya wake. Moshi ukaendelea. Sikuelewa. Kijana mmoja aliyekuwa karibu akaruka nyuma na spana namba 10, akalegeza kichwa cha betri ya pili, na moshi ukakatika. Mlango wa pili ulikuwa umejaa watu wenye mizigo. Nikifikiria yale magunia na zile nguo, hadi leo mikono inapoa.

Nilichokosea nitakieleza chini. Kwanza nataka kusema nilichofanya baadaye, kwa sababu ndicho kilichonifundisha. Badala ya kununua waya mwingine siku hiyo hiyo, nilikaa nikajiuliza mafundi wa mji huu waliokuja kabla yangu walilijibu vipi swali hili. Sisi waandishi wa programu tunajua ukikuta mstari wa ajabu katika programu ya zamani, usiufute mpaka ujue ulikuwa unajibu swali gani. Waya za magari ziko hivyo hivyo. Kila namna ya kuunganisha betri mbili ilikuwa jibu sahihi la swali la enzi yake. Kosa huja ukichukua jibu la enzi moja ukalifunga katika gari la enzi nyingine.

Tuanzie hapo hapo tulipoegesha. Jina Burma halikuja na wafanyabiashara. Ni kumbukumbu ya vita. Kama vile Kariokor ilivyobaki na jina la wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, soko hili lilibaki na jina la askari wa Keya waliopelekwa Asia katika Vita vya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma mwaka 1944, ikawafuata Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye matope yaliyomeza magari, na Desemba mwaka huo ikauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Waliorudi walikuta Nairobi ya Waafrika inajengwa upande huu wa mashariki. Kaloleni, mtaa ulio jirani na soko, ni wa miaka hiyo ya 1940. Jogoo Road yenyewe ilikuwa bado inaitwa Doonholm Road.

Kwa nini nawataja hawa? Kwa sababu jeshi lilikuwa chuo. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza udereva, umakanika na kazi ya redio jeshini, na baadhi yao waliporudi waliweka akiba zao katika malori na mabasi. Tena jeshi lile lilikuwa limeshakutana na swali la mjomba wangu. Gari la mawasiliano linakaa saa nyingi limeegeshwa, redio inakula umeme, na siku ya kukimbia lazima injini iwake. Redio za jeshi la Uingereza kama Wireless Set No. 19 zilitumia volti 12. Jibu lao lilikuwa la kijeshi: redio ina betri zake, gari lina yake, na betri za redio zinajazwa na kijiinjini cha petroli kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Hilo ni jibu la kwanza, na msilidharau. Usipoziunganisha betri mbili, haziwezi kuuana. Gharama yake ni kijiinjini cha ziada, kelele, na mtu wa kukichunga.

Enzi ya pili ni ya matatu za kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika ya 1960, wenye magari chakavu walianza kubeba abiria kimagendo kwenda mitaa ambayo mabasi ya Kenya Bus Service hayakuifikia vizuri. Nauli ilikuwa mapeni matatu, yaani senti 30, na jina likatoka hapo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ile iliyotakiwa kwa mabasi, na zikaongezeka kwa kasi.

Gari maarufu la mwanzo lilikuwa Ford Thames. Ukiinua boneti ya gari la umri ule hukuti alteneta. Unakuta dainamo. Dainamo ya gari dogo ilitoa ampea kama 20 hivi, na injini ikizunguka polepole ilitoa karibu sifuri. Ndani ya hizo 20 kuna taa, wipa na kuwasha injini. Hakuna cha kujazia betri ya pili. Aliyeitaka aliijaza nyumbani kwa chaja, akaibeba mkononi. Kwa hiyo swali la waya lilikuwa bado halijazaliwa, kwa kuwa hapakuwa na umeme wa kupitisha kwenye huo waya.

Alteneta ndiyo iliyobadilisha mambo. Chrysler ilianza kuiweka katika Valiant ya mwaka 1960, na sababu ya kuwezekana ilikuwa daiodi ya silikoni, kidude kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Alteneta inatoa umeme wa kutosha hata gari likiwa kwenye foleni, na ampea zake ni mara mbili au tatu za dainamo. Magari yenye alteneta yalipofika huku yakiwa mitumba, Nairobi ikapata umeme wa ziada barabarani. Na Nairobi ikipata kitu cha ziada, mnajua inakifanyia nini. Inakifanya muziki.

Mliokulia Eastlands miaka ya 1990 mnakumbuka manyanga. Tulikuwa tunaacha matatu tatu zipite stejini, tukingoja ile yenye besi inayotikisa kifua. Amplifaya ya wati 600 kwenye volti 12 inavuta ampea 50 ukiifungua yote. Betri iliyotengenezwa kwa kuwasha injini haiwezi kazi hiyo kwa muda mrefu.

Hapo ndipo majibu yalipoanza kugongana. La kwanza na rahisi ni kufunga betri mbili pamoja moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukizima injini zote mbili zinakufa pamoja. La pili ni swichi ya mkono, dereva ageuze mwenyewe. Linafanya kazi mpaka siku anaposahau, na dereva wa matatu ana mambo mengi ya kukumbuka.

La tatu ni daiodi. Umeme wa alteneta unagawanywa njia mbili, kila njia na daiodi yake, na hakuna betri inayoweza kumnyonya mwenzake. Hakuna cha kusahau na hakuna kinachosogea. Lakini daiodi ya kawaida inajilipa ushuru wa volti 0.7 hivi. Alteneta ikitoa 14.2, betri inapata 13.5. Kwa betri ya risasi hiyo ni sawa na mtoto anayekula kila siku bila kushiba, na betri ya risasi isiyoshiba inajenga ukoko kwenye sahani zake na kufa kabla ya wakati.

La nne ni rilei, ile niliyoifunga mimi. Koili ndogo inapata umeme kutoka mahali panapochangamka alteneta ikianza kuchaji, inavuta mguso mzito, betri zinaungana. Injini ikizimwa mguso unaachia. Volti hazipotei kwenye rilei kama kwenye daiodi, lakini sasa kazi yote iko kwenye waya.

Kuna tawi moja la historia hii ambalo wengi wanaliruka, nalo ndilo linaloharibu betri nyingi. Manyanga kubwa za Isuzu, zile za abiria 25 na 33, kwa kawaida zina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizopangwa mfululizo. Hizo si betri ya kwanza na betri ya pili. Ni betri moja iliyokatwa vipande viwili. Ukitaka volti 12 za redio, kishawishi ni kugonga waya katikati, kwenye betri ya chini. Redio italia vizuri. Lakini betri ya chini inatumika na ya juu haitumiki, huku alteneta ikizijaza kama kitu kimoja. Ya chini haijai, ya juu inajazwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka. Kwa gari la namna hiyo jibu ni kibadilishi cha volti 24 kwenda 12. Kabla hujachukua ushauri wa fundi wa manyanga kwa ajili ya Hiace, au kinyume chake, uliza kwanza gari ni la volti ngapi.

Kelele zile zilipata pigo Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa sheria za waziri John Michuki, zilizotangazwa katika Notisi ya Kisheria namba 161 ya mwaka 2003. Zilileta mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano na sare, na katika msako ule muziki mkubwa ukanyamaza kwa muda. Baadaye ulirudi, ukiwa na runinga na taa za rangi.

Wakati huo betri ya gari ilikuwa na maisha mengine nyumbani. Katika miaka ya 1980 na 1990 nyumba nyingi za mashambani zisizo na stima ziliangalia televisheni kwa betri ya gari, ikibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kujazwa. Sola ilipoanza kuenea kutoka upande wa Meru katikati ya miaka ya 1980, betri hizo hizo zilitumika, na zikafa haraka. Kiwanda cha Associated Battery Manufacturers hapa Nairobi kikatengeneza betri ya sola. Funzo ni kwamba betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba nyingi, inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Betri ya kazi ndefu ina sahani nene, inavumilia kushuka na kupanda. Betri ya pili ya mjomba ilipaswa kuwa ya aina hii, nami nilikuwa nimeweka ya kwanza. Kosa dogo, lakini liandikwe.

Sasa turudi kwenye waya. Shaba ya mita 1 yenye unene wa milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172 hivi. Kutoka mbele hadi nyuma ya Hiace, ukizunguka mahali pa kupita, ni kama mita 5. Kwenda na kurudi ni 10. Kwa ampea 50 hesabu inatoka hivi:

Waya wa milimita 6: unapoteza volti 1.43.
Waya wa milimita 16: volti 0.54.
Waya wa milimita 25: volti 0.34.

Angalieni mstari wa kwanza. Nilikimbia daiodi kwa sababu inakula volti 0.7, halafu nikafunga waya unaokula mara mbili ya hiyo. Ni kweli kwamba hasara ya waya inapungua ampea zikipungua, kwa hiyo betri ingejaa siku moja, gari likienda Mombasa. Lakini gari la mjomba linatoka Buruburu hadi mjini, dakika 40 za foleni. Waya mwembamba hauizuii betri kujaa, unaichelewesha, na mjini kuchelewa huko ndiko kutojaa. Tena hiyo volti 1.43 haipotei hewani. Kwa ampea 50 ni wati 72 za joto ndani ya waya, chini ya zulia.

Tahadhari mbili za dukani. Ya kwanza, kuna waya wa alumini uliopakwa shaba unaouzwa kwa sura ya shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo ule wa milimita 25 unakufanyia kazi ya 16. Kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Ya pili, usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu, maana mtikisiko wa barabara zetu utauvunja. Mafundi wa jua kali wanapenda waya wa mashine ya kuchomelea, wenye nyuzi nyingi laini, na wana haki.

Na ule moshi? Waya wangu ulipita kwenye tundu la bati bila raba. Bati likaukata ganda kidogo kidogo kwa wiki tatu, mpaka shaba ikagusa bodi. Injini ilikuwa imezimwa, rilei imeachia, betri ya mbele haikuhusika hata kidogo. Ndiyo maana kuichomoa hakukusaidia. Betri ya nyuma ndiyo iliyokuwa inamimina umeme wake wote kwenye bodi, na upande wake hapakuwa na fyuzi. Nilikuwa na picha ya bomba kichwani mwangu: maji yanatoka mbele, yanaenda nyuma, kwa hiyo funguo moja mbele inatosha. Lakini waya unaounganisha betri mbili una chemchemi kila upande. Fyuzi hailindi betri, wala amplifaya. Inalinda waya. Waya wenye chemchemi mbili unataka fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake kadiri inavyowezekana.

Wale wa jeshi waliotenganisha kabisa betri za redio hawakulihitaji somo hili. Swichi, daiodi na rilei zilipowaunganisha ndugu hawa wawili ndipo hatari ilipoingia, na mimi nilichukua faida ya enzi mpya bila kulipa gharama yake.

Enzi ya tano iko hapa tayari. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana alteneta inayotawaliwa na kompyuta. Ili kuokoa mafuta, kompyuta inashusha volti betri ya mbele ikishajaa, na inazipandisha tena dereva akiondoa mguu kwenye mafuta. Rilei inayoamini kwamba injini ikiwaka kuna volti 14 itadanganyika. Kwa gari hilo, au kwa betri ya lithiamu inayoweza kuvuta ampea nyingi kuliko alteneta inavyostahimili, kinachotakiwa ni chaja ya kati, inayopokea volti zozote mbele na kutoa volti sahihi nyuma kwa ampea ulizoziweka. Nayo inataka waya mnene na fyuzi mbili.

Kwa hiyo nilipolifunga upya gari la mjomba nilianza na mita. Hiace yake ni ya zamani, na alteneta inatoa 14.2 wakati wote, hata baada ya nusu saa. Basi rilei ni jibu la enzi yake, haikuhitaji chaja ya bei ghali. Nikaweka rilei ya ampea 100, shaba ya milimita 25 kwenda na kurudi, fyuzi mbili za ampea 80, raba kwenye kila tundu, na betri ya sahani nene iliyofungwa isiteleze. Nikawasha injini, amplifaya ikiwa juu, nikapima nyuma: 13.9. Nikashika waya kwa kiganja. Ulikuwa baridi.

Jumapili iliyofuata mhubiri alihubiri saa tatu, akapitiliza hadi watoto wakalala. Mjomba akageuza ufunguo, gari likawaka mara ya kwanza. Hakunipongeza. Alisema tu kwamba sasa mhubiri atakuwa haishi kuongea, na kosa ni langu.

Tulipopita tena Burma nilimtafuta yule kijana wa spana nimshukuru. Sikumpata. Lakini spana namba 10 sasa inaning'inia kwa kamba kando ya betri ya pili, na mjomba anajua ni ya nini.